Mwongozo wa Kuanzisha Klabu ya Redio Goma Bila Mfadhili na Bila Kukamatwa

Duniani kuna watu ambao wakishamaliza chakula cha jioni huwasha mtambo wa redio, huita hewani na kusubiri ajibu yeyote, awe Brazili au Japani. Wakijibiwa huulizana jinsi wanavyosikika, aina ya antena na hali ya hewa, kisha huagana. Hawauzi kitu wala hawalipwi. Kanuni za kimataifa za mawasiliano zinawataka wafanye hivyo bila maslahi ya fedha. Hiyo ndiyo redio ya ridhaa, na wenyewe wana vyama vyao Kenya na Uganda.

Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, nayo ina karibu kila kitu cha kuundia klabu kama hiyo: waya, bateri, mafundi wa mtaa wa Birere na watu waliokua wakisikia redio ikikoroma. Anayekosekana ni mtu wa kuamini kwamba unafanya bure. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa utaratibu, na usiruke hata moja.

Hatua ya 1: Tayarisha jibu la "mradi wa nani?"

Kabla hujanunua hata msumari, jua kwamba swali hili utaulizwa na chefu wa avenyu, na jirani, na shemeji yako. Tangu Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika kwa mamia ya maelfu na mashirika yakawafuata, Goma imezoea kwamba watu watatu wakikaa na daftari, nyuma yao kuna mfadhili. Ukijibu kwamba hakuna, usidhani umejiokoa. Umejipandisha cheo tu: fedha zinazofichwa huwa nyingi kuliko zinazotangazwa. Jibu salama ni "tunasubiri majibu kutoka Brussels." Goma nzima inasubiri majibu kutoka mahali fulani, na hutaulizwa tena.

Hatua ya 2: Usiwafundishe wanaokushinda

Vitabu vinashauri kuwafundisha wanachama wapya kuongea redioni. Hapa wao ndio watakaokufundisha. Kabla simu za mkononi hazijafika Walikale, misheni, wafanyabiashara wa kasiterite na kampuni za ndege ndogo walifanya kazi zao kwa foni, yaani redio ya kuitana. Opereta alijua kwa kichwa kijiji gani kinafungua saa ngapi. Alibonyeza kitufe cha maikrofoni, akaita, akaachia, akangoja mkoromo utulie:

"Walikale, Walikale, hapa Goma."

"Goma, nakupata vizuri, ongea."

"Mwambie mama mwenye duka, ndege haiji leo. Mzigo umebaki."

Bei ya gunia, tangazo la msiba, ada ya shule: vyote vilipita kwenye masafa yaleyale, na kila mwenye mtambo alijua habari za mwenzake. Aliyetaka siri aliongea lugha ya kwao, na bado kwenye masafa hakukosekana mtu wa kwao.

Wapo pia waliokaa kwenye vyumba vya redio vya Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Kazi yao ilikuwa kuwaita wafanyakazi mmoja mmoja kwenye Motorola zao usiku, na kila mmoja alijibu kwamba yuko nyumbani salama, huku muziki wa baa ukisikika nyuma yake. Wape hawa uongozi wote. Wewe chukua uweka hazina, maana hazina haitakuwepo.

Hatua ya 3: Omba kibali

Sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya Novemba 2020 ipo, na mamlaka ya usimamizi, ARPTC, ipo pia. Iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege. Ndege yenyewe huipati, kwa sababu tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa AFC/M23 na uwanja wa ndege ulifungwa. Kwa hiyo hatua hii ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza: amua kibali unakiomba kwa nani. Sehemu ya pili: sehemu ya kwanza usiifanye kwa sauti.

Jipe moyo kwa historia. Zama za Wabelgiji stesheni za ridhaa za Kongo zilijitambulisha kwa OQ5. Baada ya uhuru wa 1960 zikawa 9Q, na zimebaki 9Q nchi ilipoitwa Zaire na ilipoacha kuitwa Zaire. Ni kimoja kati ya vitu vichache vya dola ambavyo hakuna aliyevipigania. Ukivuka mpaka wa Petite Barrière kwa miguu, umeingia 9X, Rwanda. Kanuni inakutaka ubadilishe kitambulisho. Busara inakutaka uiache redio nyumbani.

Hatua ya 4: Simamisha antena

Kwa masafa ya megahezi 7 unahitaji waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kuinuliwa juu. Parcelle yako haina mita 20, basi omba za jirani. Mwambie ni kamba ya kuanikia nguo. Atakubali haraka, kisha ataanika, na shuka mbichi zitaiharibu antena kuliko kitu chochote kilichotajwa kwenye vitabu.

Nguzo ni mti wa mkaratusi. Vitabu vinasema uuchimbie shimo la mita moja, na kando yake upigilie chini nondo ya shaba kwa ajili ya radi. Waandishi wa vitabu hivyo hawajawahi kukaa juu ya volkano. Piga nyundo mara tatu uone: nondo imepinda, jiwe jeusi limekuangalia. Zungushia mti mawe ya lava mpaka usimame wenyewe, kama kila kitu kingine Goma kilivyosimama.

Jambo la radi lisikilize bila kucheka. Mwaka 2016 watafiti waliochambua data za setilaiti walitoa orodha ya sehemu kumi duniani zinazopigwa radi zaidi. Kabare, upande wa pili wa Ziwa Kivu, ilishika nafasi ya pili, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Butembo imo. Sake, jirani yetu wa karibu, imo. Ngurumo ya kwanza ikisikika, chomoa waya na uutupe nje. Kikao cha klabu kinaahirishwa. Msimu wa mvua, utaahirisha vikao vingi.

Hatua ya 5: Ingia hewani

Umeme si tatizo. Mtambo wa redio unapenda bateri ya gari. Tatizo ni mazungumzo. Maadili ya redio ya ridhaa yanakataza siasa, dini na biashara. Ukiziondoa hizo kwenye maongezi ya Goma, inabaki hali ya hewa, na hiyo nayo iseme kwa uangalifu. "Leo mlima unatoa moshi mwingi" ni sentensi ambayo mtu mwenye mashaka anaweza kuikalia usiku kucha.

Jihadhari zaidi na namba. Wanaredio wakitaka kusema "nakusikia vizuri sana" husema 59, na salamu ya kuagana ni 73. Eleza hayo kwa mtu wa usalama aliyesimama mlangoni: kwamba 59 si askari, na 73 si masanduku. Na kama jina lako linaanza na M, lisifuatwe na namba yoyote.

Chagua masafa kwa akili. Mchana, megahezi 7 itakufikisha Bukavu, Butembo, hata Kisangani. Megahezi 14 huruka mbali: wimbi linapanda, linarudishwa na tabaka la juu la anga na kutua bara lingine, likiwaacha waliopo katikati bila kusikia neno. Utaongea na mtu wa Italia kwa raha, na aliye Masisi hapa karibu asikusikie kabisa. Wanachama hawatashangaa. Ripoti za Goma zimekuwa zikisafiri hivyo kwa miaka mingi: zinatua Geneva bila kugusa Masisi.

Hatua ya 6: Tuma kadi

Baada ya maongezi, wanaredio hutumiana kadi ya posta kuthibitisha kwamba walisikiana. 9Q haisikiki kila siku, kwa hiyo wakusanyaji wa ng'ambo wataililia yako. Weka picha ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao, inapendwa. Kwa anwani, fuata desturi ya mashirika mengi ya mjini: sanduku la posta la Gisenyi. Stesheni ya Kongo yenye anwani ya Rwanda. Kwa maelezo utakayompa mtu wa usalama, rudi hatua ya 5.

Hatua ya 7: Fanya zoezi la dharura

Kwingineko, klabu hupanda kilima mara moja kwa mwaka na kujifanya kwamba umeme umekatika, simu hazishiki na watu wamehamishwa. Goma, hamna haja ya kujifanya. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wetu, Nyiragongo, ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulipasuka tena. Siku tano baadaye ikaja amri ya kuhama kwa mitaa 10 kati ya 18, na watu wakashika njia ya Sake na ya Gisenyi, kila mmoja na uvumi wake mkononi. Januari 2025, katikati ya mapigano, umeme, maji na intaneti vilikatika pamoja.

Siku kama hizo mji unamhitaji mtu mwenye bateri, waya, na rafiki asiyemfahamu kilomita 200 mbali. Ndizo pia siku ambazo mtu huyo atauzika mtambo wake chini ya majani ya migomba, kwa sababu redio isiyo ya shirika, wala ya jeshi, wala ya kanisa, haina wa kuisemea. Andika somo hili kwenye kumbukumbu za klabu, kisha zifiche kumbukumbu hizo pia.

Hatua ya 8: Andika ripoti ya mwaka

Mapato: hakuna. Walengwa: hakuna. Matokeo: tumeongea na mwalimu mstaafu wa Italia, akasema tunasikika vizuri, akauliza kama ziwa lina samaki, tukamweleza habari za sambaza. Usimpelekee mfadhili yeyote ripoti hii. Atauliza viashiria viko wapi.

Isome kwenye mkutano mkuu. Kisha hesabu waliohudhuria. Hakuna nauli iliyogawiwa, hakuna fanta, hakuna karatasi ya kusaini, na watu bado wamekaa wanabishana kuhusu urefu wa waya. Kwa mji huu, hicho ni kiashiria tosha.