Wageni wa Kiboko

Mtu yeyote anayeuza safari za boti Naivasha ana jibu moja kwa swali la hali ya ziwa: liko sawa. Upepo ukivuma, liko sawa. Gugumaji likiziba gati, liko sawa, tutapitia upande ule. Kiboko akichomoza kichwa karibu na mahali pa kupandia boti, bado liko sawa; huyo tunamjua. Ukitaka ukweli, tafuta mtu asiyekuuzia kitu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtu wa namna hiyo hapatikani ufuoni.

Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo tunayokwenda sote. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90, umbali unaomwezesha mtu kusema amesafiri bila kuomba likizo. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuweka makao yake huku, hata wasiojua gia iko wapi wamepata sababu ya kuja "Vasha". Barabara ya Moi South Lake hujaa magari yenye mikono nje ya madirisha, muziki wa kambi hii hushindana na wa kambi ile, na vijana wa boti hukimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Kabla hujazima injini umeshaitwa bosi, umeshaonyeshwa picha za twiga kwenye simu, na bei imeshashuka bila wewe kufungua mdomo.

Tukishashuka tunajipa umiliki wa ziwa zima. Haki hiyo hatuna. Katika maji haya karibu kila kiumbe ni mgeni, samaki wakiwa wa kwanza. Samaki wa asili alikuwa wa aina moja tu, kadogo kasiko na faida kikaangoni, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Tilapia waliletwa. Besi, yule mwenye mdomo mpana, alitolewa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili walowezi wapate wa kushindana naye kwa ndoana. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi ambao asili yao ni Louisiana. Karpu, ambaye baadaye alikuja kujaza nyavu za wavuvi, alijitokeza mwanzoni mwa karne hii bila mwaliko wa mtu. Gugumaji lina kwao Amerika Kusini. Hata ndege zilipita hapa: kati ya 1937 na 1950 zile za kutua majini zilishukia ziwani humu, zikipeleka abiria na barua kati ya Southampton na Afrika Kusini.

Ukiwatoa Wamaasai, waliokuwa wakinywesha mifugo hapa kabla yetu sote, wenyeji waliobaki ni kiboko na upepo. Hao hawauzi kitu wala hawapunguzi bei. Usiku kiboko hupanda kula nyasi za hoteli, na mgeni aliyelipia chumba husindikizwa kitandani na askari mwenye tochi. Kiboko, ambaye hajalipa chochote, hutembea apendavyo.

Shemeji yangu, mume wa dada, hakuwa na habari na mpangilio huu. Yeye ni mhasibu, amezoea mambo yanayonyooka yakihesabiwa. Alikuja na fimbo ya kuvulia iliyokunjwa ndani ya mfuko wake, kibali cha uvuvi ndani ya karatasi ya plastiki, na kisanduku cha chambo bandia: visamaki vya rangi za kung'aa vyenye macho ya mshangao. Mamangu naye alikuja kwa kuwa dada alimwambia ni safari ya kupunga hewa. Neno boti halikutajwa mpaka tulipoiona.

Wavuvi wa Naivasha hutoka alfajiri, na wana sababu. Asubuhi ziwa hutulia. Mchana upepo huamka, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ziwa ni ya kina kifupi, mawimbi yake hayana simile. Ni mafupi, ya haraka, na la pili hukufikia kabla hujajipangusa la kwanza. Kila mtu hotelini anayajua haya, kuanzia bawabu hadi mpishi. Lakini kiamsha kinywa kilikuwa kimelipiwa, kinaendelea hadi saa nne, na hajazaliwa Mkenya wa kuacha soseji aliyoilipia eti kwa sababu ya upepo. Shemeji alirudi mezani kwa mayai, akarudi kwa matunda, akarudi kuuliza kama maandazi yamo kwenye bei. Yalikuwemo. Tulipofika ufuoni jua lilikuwa utosini.

Ikaja zamu ya majaketi ya kuokolea maisha. Kepteni alikuwa mkali: bila jaketi hakuna kupanda. Kuhusu zipu hakuwa na msimamo. Langu lilifungwa kwa kamba ya kiatu. La shemeji lilinukia samaki wa vizazi kadhaa. Mama alivalishwa lake juu ya leso, akajitazama, akayasoma maandishi ya kifuani.

"Mwanangu, hili limeandikwa la mtoto."

"Shosho, wewe ni mwepesi," kepteni akamwambia bila kutahayari. "Litakutosha."

Mama, ambaye hajaitwa mwepesi tangu aolewe, akapanda boti bila neno jingine.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa ziwa hili limekuwa likipanda, na limemeza safu nzima ya migunga iliyokuwa nchi kavu. Miti imekufa ikiwa imesimama, imegeuka myeupe, kila tawi na mnandi wake, na boti hupita katikati yake polepole. Shemeji alirusha chambo kwa mtindo aliojifunza kwenye video. Kilipaa vizuri sana, kikanasa kwenye tawi, kikabaki huko juu kikitazamana na ndege. Kepteni alikitoa kwa ncha ya kasia, kwa subira ya mtu ambaye saa yake inahesabiwa pesa.

Cha pili kilizama. Mshipi ukakaza, fimbo ikapinda, shemeji akapiga ukelele kwamba amempata. Dada akaanza kurekodi. Shemeji akapanua miguu, akamwomba Mama asogee, akavuta, akalegeza, akavuta tena, jasho likimtiririka chini ya kofia. Kilichopanda kutoka kwenye matope, taratibu, kikidondosha majani, kilikuwa waya wa seng'enge pamoja na nguzo yake.

"Huo ni ua wa shamba," kepteni akaeleza. "Usiukate, bosi. Mwenyewe anangoja maji yarudi."

Nilicheka, kisha nikakipunguza kicheko. Maji haya haya mwaka 2020 yaliingia mtaa wa Kihoto, watu wakahama wakiacha nyumba zimezama. Sisi tulikuwa tumelipa kuja kuelea juu ya ua wa mtu.

Kwa kuwa samaki wa hiari hawakujitokeza, kepteni alimtoa wa akiba. Chini ya ubao wa kukalia kulikuwa na tilapia aliyekufa. Akamsokomeza kipande cha funjo kinywani ili aelee, akapiga mluzi, akamtupa mbali. Furukombe aliyekuwa juu ya mgunga alijiachia, akashuka miguu ikiwa mbele, akamkwapua samaki bila kulowesha kifua, akarudi tawini kwake. Hana kibali, hana kisanduku. Shemeji alimtazama muda mrefu.

"Yule amezoezwa," akasema.

Mbele kidogo mwanamume mmoja alikuwa amesimama ndani ya maji yanayomfika kifuani. Hakuwa na boti wala jaketi, ila gunia lililofungwa kiunoni, nalo lilikuwa likitikisika. Wavuvi wa namna hii huingia ziwani kwa miguu, bila leseni, na doria ikitokea hutokomea kwenye mafunjo. Viboko wameua watu katika ziwa hili, wavuvi na hata watalii, na huyu alikuwa anafanya kazi sebuleni kwao. Alitupungia mkono. Shemeji, mtaalamu kwa mtaalamu, akamuuliza kwa sauti anatumia chambo gani.

"Karo ya shule, bosi!"

Mama alicheka peke yake kwa muda.

Upepo ulifika bila kubisha. Mawimbi yakaanza kupiga ubavu wa boti, yakimlenga shemeji kila mara ingawa alihama viti. Kepteni akageuza kuelekea nyumbani na hapo tukaliona gugumaji. Gugumaji halikujifunga chini kwa mizizi, huenda linakopelekwa. Asubuhi lilikuwa ng'ambo, tukalipiga picha na maua yake ya zambarau. Sasa lilikuwa limehamia, lote, katikati yetu na ufuo.

"Tutapita," kepteni akasema.

Tulipita kiasi cha kutosha kushindwa kurudi. Propela ikajisokota majani, injini ikakohoa, ikazima. Kepteni aliiinua, akatoa kisu cha jikoni, akaanza kukata. Wahenga wana ratiba yao kuhusu mgeni: siku mbili ale, ya tatu apewe jembe. Kepteni hakuwa na siku tatu. Alimpa shemeji kasia, mimi akanipa ubao wa kukalia, dada akapewa kopo la kuchotea maji, na kisu kikamponyoka kikazama.

Ndipo tulipomsikia mwenyeji. Alipumua nyuma yetu kama lori la mizigo linaloachia breki pale Mai Mahiu. Yalitangulia masikio, madogo, yakipepesuka kutoa maji, yakafuata macho, kisha puani kukafunguka matundu mawili ambayo ngumi yangu ingepita. Kepteni alituambia tusipige kelele. Agizo halikuhitajika. Shemeji alikuwa ameshika kasia hewani na hathubutu kulishusha.

Mama ndiye pekee aliyekumbuka adabu.

"Hodi, mzee," akasema kwa sauti ya chini, jaketi la mtoto limempanda hadi masikioni. "Tunapita tu."

Kiboko akazama. Hapo ndipo tulipoogopa kikweli, maana kiboko unayemwona ni afadhali. Hawezi hasa kuogelea. Hutembea kwenye sakafu ya ziwa na kuibuka atakapo, na sakafu hiyo ilikuwa karibu mno na makalio yetu. Sijawahi kuona mhasibu akipiga kasia namna ile. Mimi na ubao wangu tulimsaidia kwa kadiri ya uwezo wa ubao. Gugumaji likaachia kidogo kidogo, kepteni akiling'oa kwa mikono kutoka kwenye propela, mpaka injini ikakubali. Kiboko aliibuka mbali kule, ametupa mgongo.

Ufuoni ikaanza hesabu. Tulikuwa tumeelewana saa moja. Tulikaa karibu tatu. Shemeji, akiwa amerudi kwenye fani yake, alidai kwamba muda wa kukwama si muda wa safari, kwa kuwa boti haikusafiri. Kepteni akasema boti hutozwa kwa saa, si kwa mwendo, na kwamba wapo Wazungu wanaolipa ziada ili wakae kimya mbele ya kiboko. Shemeji akasema amepiga kasia mwenyewe. Kepteni akaliona hilo kuwa haki, akamtolea petroli ya sehemu hiyo, kisha akaongeza bei ya samaki wa furukombe na bei ya kisu. Shemeji akatoa simu, akafungua kikokotoo.

"Mlipe twende," Mama akakata shauri. "Chai ya saa kumi imelipiwa."

Shemeji akalipa. Halafu akaomba namba ya kepteni, kwa sababu Pasaka inakaribia na jamaa zake wa Kitui hawajawahi kumwona kiboko. Wako wengi, wanataka bei ya kundi. Na usiku wa kuamkia safari, kama nilivyokuja kuambiwa garini tukipanda mteremko wa Mai Mahiu, wote watalala kwangu.