Onyo, Kosa na Mlango wa Uani

Wakazi wa North Buffalo, jimboni New York, hususan walio karibu na barabara ya Hertel, waijua vyema tofauti ya nasaha na marufuku: kaunti ya Erie ikiwasihi wasisafiri, husikiliza kwa heshima kisha wakawasha magari; ikipiga marufuku, kama ilivyofanya tarehe 23 Desemba 2022 dhoruba ya theluji ilipoingia, hapo huwa ni amri.

Tofauti iyo hiyo imo katika uandishi wa programu. Mabingwa wa kompaila ya GCC, ambao hawakukosa ilimu wala subira, walibuni chaguo la -Wall, lidaiwalo kuleta maonyo yote ilhali haliyaleti. Atakaye zaidi na aongeze -Wextra, na hata hapo hajayamaliza. Mwenye ghadhabu hutumia -Werror, ambayo hugeuza kila onyo kuwa kosa, hata programu iliyojengeka jana kwa salama ikakataa leo, kwa kuwa kompaila mpya imejifunza onyo jipya. Ndipo mhandisi, baada ya tafakuri ndefu, huandika -Wno-error, akastarehe.

Kuita fanksheni isiyotangazwa kuliharamishwa katika kanuni za lugha ya C mwaka 1999. GCC ikaendelea kuonya kwa adabu, nao waandishi wakaendelea kupuuza kwa adabu iyo hiyo, hata toleo la 14 lilipotoka mwaka 2024 na onyo likawa kosa. Siku hiyo ya hukumu, wenye rehema waliambatanisha -fpermissive, inayolirudisha kosa hilo katika daraja ya nasaha, asije mtu akalazimika kusahihisha kazi yake.