Ekzosi Kwanza, Jeti Baadaye

Vijana wa bodaboda wakitaka kuiongezea pikipiki nguvu huanza na ekzosi, na wana sababu ya msingi: ekzosi inasikika hadi mtaa wa pili. Jeti ya kabureta haisikiki popote. Ni kipande cha shaba kinachoenea juu ya ukucha, kina tundu la kama milimita moja, kazi yake kupima petroli inayokwenda kwenye injini, na sijapata kuona msichana akigeuza shingo kwa ajili yake.

Mpwa wangu, anayeendesha pikipiki yangu hapa Korogwe na kuniletea hesabu jioni, alinijia Jumapili moja na chombo nilichokitambua kwa namba za usajili tu. Ekzosi fupi, imetolewa matumbo. Boksi la ea klina halipo, pamechomekwa kichujio cha koni, chekundu. Na ndani, akasema kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto wa kiume, kuna bloku mpya.

Injini yenyewe ni ya Kichina, ya ukoo wa Honda CG125, zile zilizojaa vijiweni. Pistoni yake ya kuzaliwa ina kipenyo cha milimita 56.5. Mpwa aliweka ya milimita 62, na ujazo ukatoka cc 124 hadi cc 149. Pua imepanuliwa, kifua kimepanuliwa, mlango wa kutokea umeachwa wazi. Kabureta ni ile ile, jeti ni ile ile. Sasa petroli, ili iungue yote, inataka kama gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu yake moja, na injini ikivutwa kwa nguvu zote hupenda hewa ipungue hadi 13 hivi. Kwa mpwa wangu hewa ilikuwa ikiingia kwa fujo na mafuta yakiingia kwa adabu.

Pikipiki ikawa inachemka. Ikisimama, sailensi inapanda na kushuka yenyewe. Mpwa akiachia resi mteremkoni, ekzosi inapiga risasi. Siku moja risasi hizo zilimtoka akiwa na abiria, mbele ya nyumba yenye msiba. Shehe alikatisha dua, na mzee mmoja aliyewahi kuwa mgambo akalala kifudifudi mkekani. Abiria alishuka pale pale, akalipa, akaingia msibani na kukaa kama vile ndiko alikokuwa akienda tangu mwanzo.

Kijiweni kila mtu alikuwa na jawabu. Mshitakiwa wa kwanza siku zote ni kituo cha mafuta: wamechakachua. Sikatai, mchezo huo ulikuwepo kweli, hata mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya kwenye dizeli na petroli. Lakini pikipiki zote za kijiwe zilijaza kituo hicho hicho na hazikufyatua risasi misibani. Mwingine akasema plagi ni feki. Wa tatu akashusha sauti, akauliza kama kuna ndugu aliyechukia mimi kununua pikipiki.

Hatimaye fundi mmoja akakubali kwamba mafuta ni machache. Hakuwa na jeti kubwa dukani, ila alikuwa na sindano ya kushonea magunia. Akalitanua tundu la jeti ya zamani kwa sindano hiyo, akapuliza, akafunga. Risasi zikaisha siku hiyo hiyo. Zikaanza kuisha na fedha zangu.

"Mjomba, siku hizi inakula kidogo," mpwa akaniambia, akinipa hesabu iliyokonda.

"Inakula kidogo, au inakula kidogo zaidi?"

"Zaidi, Mjomba."

Wiki ile nilikuwa na harusi Lushoto. Kutoka Mombo barabara inapanda kona kwa kona hadi karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupungua uzito kwa kama asilimia 10. Mimi nafundisha Jiografia. Jambo hilo nimeliandika ubaoni tangu nikiwa kijana, ila sikuwahi kuliona likichafua kanzu. Injini iliyokwisha kuzidishiwa mafuta ilizidi kukosa hewa, ikawa inakohoa moshi mweusi, na upepo wa kona zile haukuwa upande wetu. Harusini niliulizwa kama nimetoka kuchoma mkaa.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi mzee ambaye wenyeji wote humwita Mgosi. Mpwa akaanza kusimulia historia ya bloku. Mgosi hakumsikiliza, akaomba plagi. Ilitoka nyeusi kama sufuria la mama ntilie.

"Kama imekosa mafuta ingekuwa nyeupe," alisema. "Hii imevimbiwa."

Kazi yake ilikuwa raha kuitazama. Alituonyesha kwamba resi ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo, anayetawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya hewa. Katikati inatawala sindano ya kabureta yenyewe, na kuihamisha klipu kutoka mfuo mmoja hadi mwingine kunabadili mambo. Resi ikiisha yote, ndipo jeti kubwa inaposhika usukani. Ile iliyotobolewa kwa sindano ya magunia aliitazama, akaitupa bila neno, akafunga mpya yenye namba iliyogongwa kiwandani. Kisha akaipanda pikipiki, akavuta resi hadi mwisho kwenye kipande kilichonyooka, akabana klachi na kuzima injini papo hapo, akaikokota kurudi ili plagi isomwe kabla haijapata la kusingizia. Akabadili klipu, akarudia. Plagi ilipotoka ya kahawia, akanawa mikono.

Jeti nyingine, kubwa kidogo, alitufungia kwenye karatasi. Hiyo ni ya Korogwe, alisema, hewa ya chini ni nzito. Wenye pikipiki za injekta wana kompyuta ya kuwafanyia hesabu hizo. Sisi tuna karatasi.

Hesabu yangu imepanda tena, ingawa haijafika ilipokuwa, kwa kuwa cc 149 hazishibi chakula cha cc 124. Na zile nguvu za ziada mpwa anazitumia kuwahi kijiweni, ambako anasubiri foleni ya abiria kama wenzake.

Nawe msomaji, ukiuziwa pikipiki unayoambiwa imeongezwa nguvu, usisikilize ekzosi. Mwambie muuzaji afungue plagi mbele yako. Akisema spana ameisahau nyumbani, muage na uende zako.