Vunja Jungu la Vitabu

Usiku wa Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Shaabani, boya la tangi letu la maji lilikwama. Mtaani petu, Ngamiani hapa Tanga, maji hutoka usiku watu wamelala, na tangi la lita 1,000 lililo juu ya nyumba hujijaza lenyewe mpaka boya linyanyuke na kufunga njia. Safari hii halikunyanyuka. Tangi likafurika, na bomba la kutolea maji ya ziada lilikuwa limezibwa na vijiti vya kiota cha kunguru. Maji yakashukia silingibodi ya sebule, na chini ya silingibodi hiyo ndipo ilipo rafu ya vitabu ya marehemu baba mkwe wangu, aliyekuwa mwalimu.

Aliyesikia wa kwanza ni Mama, mzazi wa Baba Watoto, aliyekuwa ameamka kwa tahajudi. Alitubishia mlango na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amkeni, vitabu vya Mwalimu vinaloa."

Tulikimbia gizani, kwa kuwa tuliogopa kuwasha taa maji yakitiririka kwenye nyaya. Kwa mwanga wa simu niliona kila mtu alivyokimbilia chake. Baba Watoto alikumbatia riwaya za Elvis Musiba, *Kufa na Kupona* ikiwa juu, maana ndizo alizozisoma kwa kujificha chini ya shuka alipokuwa mvulana, akimfuata mpelelezi Willy Gamba nchi baada ya nchi. Kitindamimba wetu, msichana wa kidato cha tatu, alichukua *Peponi*, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 2022, zawadi yake ya kufaulu mtihani. Mwanangu mkubwa, kwa busara, alienda kufunga koki. Mimi mikono yangu iliangukia vitabu vya Shaaban Robert: *Kusadikika*, *Adili na Nduguze*, na *Wasifu wa Siti Binti Saad*. Kwa mtu wa Tanga huyu si mwandishi wa shuleni tu. Alizaliwa 1909 Vibambani, Machui, kusini kidogo ya mji wetu, na baba mkwe alikuwa akimtaja kama mtu anavyomtaja jirani aliyehama.

Mama hakushika kitu. Alisimama kwenye mlango wa ukumbi, mtandio umelowa mabegani, akauliza, "Kile cha Unguja mmekiona? Kile cha Yasmin?"

Alikuwa anaulizia *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Nilikikuta rafu ya chini kabisa, kimevimba kama mkate wa mofa uliotoswa kwenye mchuzi.

Kulipokucha tulihesabu. Vitabu 38 vilikuwa vimelowa mpaka ndani, vingine 50 hivi vimepata maji pembeni. Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kuvianika uani, juani, pamoja na nguo. Nashukuru kwamba kabla hatujatandika mkeka nilimpigia wifi yangu aliyeko Dodoma. Wifi alisomea ukutubi kule Bagamoyo, na kazi yake yote imekuwa vitabu.

"Wifi, usithubutu jua," alisema. "Likikausha nje kabla ya ndani, kurasa zitajikunja na gundi ya mgongoni itapasuka. Vilivyopata maji pembeni visimamishe wima, vifungue kidogo kama kipepeo, washa feni, ila isivipulizie moja kwa moja. Vilivyoloa mpaka ndani, vitie kwenye mifuko ya plastiki, kimoja kimoja, uviweke kwenye friza."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia: friza. Akanieleza kwamba karatasi iliyolowa, katika joto na unyevu wa pwani, huanza kuota kuvu ndani ya siku mbili hivi, na kuvu likishaingia halina dawa ya nyumbani. Baridi kali hulizuia lisiote. Kitabu kikishaganda kinaweza kukusubiri mwezi mzima, ukakitoa siku utakayopata nafasi ya kukikausha polepole. Alinisimulia habari za mji wa Florence, Italia, ambako mto Arno ulifurika tarehe 4 Novemba 1966 ukaingia katika maktaba kuu ya taifa, na vijana wakaja kutoka nchi mbalimbali kupokezana vitabu vilivyojaa tope, mkono kwa mkono. Watu wakawaita malaika wa tope. Vitabu vingine vilikaushwa katika tanuri za kukaushia tumbaku. Nilimsikiliza miguu yangu ikiwa bado majini, na nasema kweli, moyo ulitulia. Ule mkesha wetu wa ndoo na matambara nikauona una ndugu zake mbali.

Ila friza yetu ilikuwa imejaa.

Mwenye nyumba ya Kiswahili anajua friza inavyokuwa wiki ya mwisho ya Shaabani. Mimi na Mama tulikuwa tumefanya kazi siku nne. Kulikuwa na sambusa 200 zilizofungwa tayari kuchomwa, katlesi 80, kima kilo 7 kilichokwisha kukaangwa na bizari, kuku 6, vipande vya nguru kutoka soko la Deep Sea, na mifuko ya tui zito la nazi. Hiyo ndiyo futari ya nusu ya kwanza ya mwezi. Ndiyo inayomwezesha mwanamke aliyefunga kukaa kidogo na msahafu wake alasiri, asishinde jikoni amejaa moshi.

Nilimtazama Mama. Friza ni yangu, lakini mikono iliyofunga zile sambusa zaidi ni yake, naye ana miaka sabini na kitu na vidole vyake vinauma. Nilitaka aseme yeye.

"Toa," alisema. "Sambusa tutafunga nyingine. Mwalimu hatutampata mwingine."

Basi tukatoa. Kwa kuwa chakula kilichokwisha kuyeyuka hakirudishwi kwenye friza, kilichobaki ni kukipika na kukila. Watu wa pwani tuna desturi yetu ya kuvunja jungu, kula na kufurahi siku za mwisho kabla Ramadhani haijaingia, na mwaka huu jungu lilivunjwa na boya la tangi. Tuliwaita majirani wa pande zote mbili, fundi bomba aliyekuja kubadilisha boya, na walimu wawili wastaafu waliofundisha na baba mkwe. Ijumaa baada ya swala uani kulikuwa na masufuria matatu mekoni. Kuku walipikwa pilau, nguru akapakwa tui la ukwaju akabanikwa, kima kikaingia kwenye katlesi na mikate ya nyama. Kwa maoni yangu nguru wa kupaka ndiye aliyeitoa aibu siku ile. Moto wa kifuu ulikuwa mdogo, tui likawa linarudishiwa kila linapokauka, mpaka likashika kama ngozi ya pili. Samaki wa namna hiyo hataki haraka, na kwa mara ya kwanza wiki ile hatukuwa na haraka.

Ndani ya nyumba vitabu vilisimama kila mahali. Vilikuwa mezani, juu ya kabati la vyombo, hata kwenye kitanda cha wageni, vimefunguliwa kama wifi alivyoagiza, na karatasi za chooni zimepachikwa baina ya kurasa. Wageni walikula wakivisoma mgongo. Mmoja wa walimu wale aliikuta *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, akakaa nayo akasahau sahani. Mwingine aliitambua *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, akaanza kutusimulia jinsi mpelelezi wake, Bwana Msa, alivyokuwa akiwaza na kiko chake. Jirani mmoja alinishauri, kwa nia njema, nivinunulie sanduku la plastiki lenye kifuniko nivifungie humo visipatwe tena. Nilikataa palepale. Kitabu kilichofungiwa sandukuni kimeokoka maji, lakini kimewakosa watu. Baba mkwe aliiweka rafu yake sebuleni, njia ya kila anayetoka jikoni, na kurasa nyingi zina alama za vidole vya samli. Napenda zibaki hivyo.

Jioni mwanangu mkubwa aliunganisha kompyuta yake na televisheni akatuonyesha filamu ya *Vuta N'kuvute*, ile ya Amil Shivji iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Mama alikaa mbele kabisa. Yeye ni mtoto wa sinema. Tanga ya usichana wake ilikuwa na kumbi zake, Majestic na Novelty, na mpaka leo anaweza kuziimba nyimbo za *Awara* ya Raj Kapoor kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kujua Kihindi. Kwake filamu bila nyimbo ni wali bila chumvi. Hii ya Unguja aliitazama bila kusema neno. Aliwatazama Yasmin na Denge, vichochoro na vivuli vyake, mwanga ukipita dirishani polepole.

Mimi niliipenda. Kitabu kina maneno mengi na mbio nyingi, watu wanaingia na kutoka, siasa inajadiliwa mpaka usiku. Filamu imechagua kunyamaza na kuangalia. Binti yangu hakukubali. Alisema nyumba ya Mwajuma kule Ng'ambo, anakokimbilia Yasmin baada ya kumwacha mumewe, Bwana Raza, kitabuni ina vicheko na purukushani ambazo skrini imezipunguza, na bila vicheko vile mtu haelewi kwa nini Yasmin anapata nguvu. Baba Watoto alikuwa na lake kuhusu Denge. Tulibishana kwa raha mpaka chai ya tangawizi ikapoa.

Ndipo Mama akauliza, "Na kitabuni ndivyo inavyoisha?"

Kila mtu alijibu tofauti. Mmoja alisema ndivyo, mwingine sivyo, mwingine alikumbuka sehemu akasahau nyingine. Kitabu chenyewe kilikuwa kwenye friza, kimeganda kama jiwe.

"Basi tutangoja," Mama alisema, akaenda kulala.

Ramadhani ilipita. Futari ya mwaka huu ilikuwa ya uji, mihogo na maharage ya nazi siku nyingi, na sambusa zikifungwa chache chache. Siku moja umeme ulikatika saa kadhaa, tukaitandikia friza mablanketi na kumkataza kila mtu asiifungue. Baada ya Idi nikaanza kutoa vitabu viwiliviwili, nikivikausha kama nilivyoelekezwa. Vitatu vilishindikana. Kurasa zao za karatasi ya kung'aa zilikuwa zimegandana kabla hazijafika kwenye baridi. Jina la baba mkwe, alilokuwa akiliandika kwa wino wa kalamu ya kuchovya katika ukurasa wa kwanza, lilikuwa limefutika karibu katika vyote, limebaki wingu la buluu. Mama alipitisha kidole juu ya wingu lile bila kusema kitu.

*Vuta N'kuvute* ilichukua siku tisa kukauka. Binti yangu alipokifungua alikuta alama ndogo za penseli pembezoni, mistari mifupi, kila baada ya kurasa tano au sita. Maji hayakuzigusa, kwa kuwa penseli haiyeyuki. Akaja kuniuliza ni za nini. Sikujua. Tulimpelekea Mama.

Akavaa miwani. "Hapo ndipo tulipokuwa tunaishia," alisema. "Alikuwa akinisomea baada ya isha, akishasikia usingizi anaweka alama."

Binti alipekua mbele, alama baada ya alama, mpaka akafika mahali zilipokoma. Kurasa zilizobaki zilikuwa kama thelathini.

Alivuta kigoda, akakaa karibu na miguu ya bibi yake, akaanza kusoma kuanzia alama ya mwisho. Alipofika sentensi ya tatu Mama akamgusa bega.

"Rudi nyuma kidogo, mjukuu wangu. Siku hiyo nilikuwa nimesinzia."