Kazi Tatu, Washauri Mtaa Mzima

Muuguzi asiye na ajira hapa Mbagala ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote. Tangu nimalize mwaka wa mafunzo kwa vitendo na kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, baraza yetu imegeuka kliniki. Muuza vitumbua anapita kupimwa presha kabla hajawasha jiko. Mzee wa nyumba ya pili analeta dawa zake zote kwenye mfuko wa rambo, nimwambie ipi anywe na ipi ampe mkewe. Malipo ni "Mungu atakuzidishia, dokta."

Huo udokta ni kazi ya mama. Mimi nilisomea shahada ya uuguzi miaka minne, naye miaka yote minne aliwaambia wenzake wa kikoba kwamba mwanawe wa kiume anasomea udaktari. Nikimsahihisha, ananitazama kana kwamba nimemvua kilemba hadharani.

Kwa hiyo habari za ajira zilipoanza kuja, hazikuwa zangu peke yangu.

Ya kwanza ilikuwa hospitali binafsi hapa hapa mjini, mkataba wa mwaka mmoja. Matroni alinipokea vizuri. Niko tayari kwa zamu za usiku? Ndiyo. Kusaidia mapokezi? Ndiyo. Na mara moja moja kukaa dirisha la malipo? Nikajibu ndiyo, ila moyoni nikajiuliza kama daktari wao naye ana zamu ya kufagia. Mshahara laki tano. Laki tano inapendeza kuisikia mpaka uikalishe na makato yake: NSSF asilimia 10, Bodi ya Mikopo asilimia 15, kisha TRA nao waonje. Inabaki laki tatu na sitini na ushee, na bado hujapanda daladala.

Ya pili ni ya serikali, na hiyo ilikaribia kuniponyoka kwa sababu ya herufi moja. Karani fulani, enzi hizo nikiwa mchanga, aliandika jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa jinsi lilivyomjia. Cheti cha kidato cha nne kinasema vingine. Mfumo wa maombi ukanikataa. Ikabidi niende kwa wakili, nilipe, niape kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja. Wakili aliniangalia usoni muda mrefu kabla ya kugonga muhuri, nikaanza kuingiwa na wasiwasi mwenyewe.

Majina yalipotoka, nimepangiwa kituo cha afya, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Nikasoma kwa sauti sebuleni.

"Tanganyika?" akauliza baba, mwalimu mstaafu wa historia. "Iliungana na Zanzibar 1964. Wewe unakwenda kuripoti kwa nani?"

Mama yeye aliishia kwenye Katavi. "Si mbuga hiyo? Mwanangu akatibu viboko?"

Ya tatu aliileta shangazi, ambaye mumewe ni dereva Muscat. Ujumbe wa sauti ulifika usiku: huko wauguzi wanatafutwa, na riali moja inapita shilingi elfu sita. Shangazi akazidisha, akagawa, akajenga nyumba Kigamboni, akaniagizia udi. Nilipofuatilia, nafasi yenyewe ilitaka uzoefu wa miaka miwili na mtihani wa leseni ya kule. Yaani ili niuguze Muscat, sharti kwanza niuguze hapa. Kazi ya tatu ikanirudisha kwenye zile mbili, na shangazi hajanisamehe.

Hapo mtaa ukaingia kikaoni. Mama alitaka nibaki Dar. Muuza vitumbua naye alitaka nibaki, kwa sababu zake. Baba alikuwa na swali moja tu, nalo ni pensheni. Mwenyekiti wa mtaa alishauri nikubali zote mbili, halafu nione. Hakuna aliyeuliza nitashinda nikifanya nini kutwa nzima, swali ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko pensheni. Kazi niliyoipenda kwenye mafunzo ni ya wodi ya wazazi. Siku moja bibi aliyemleta mkwewe aliniona kijana mwenye ndevu, akaniamuru nitoke nikamwite nesi. Nikatoka, nikavaa aproni, nikarudi: "Bibi, nesi kaja." Hakucheka, lakini mjukuu nilimpokea mimi. Dirisha la malipo halina mambo hayo.

Nimechagua Katavi. Mama amekwisha kukitangazia kikoba kwamba mwanawe anakwenda kuwa mganga mkuu wa Tanganyika, na safari hii sikuhangaika kumsahihisha.

Juzi mfawidhi wa kituo alinipigia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya kutoka damu baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, chanjo. Akauliza jambo moja: "Pikipiki unaendesha?" Huduma ya mkoba, akaeleza, vijiji viko mbali na dereva ni yeyote aliyepo zamu.

Sijawahi kuendesha hata baiskeli. Sasa kila jioni niko uwanjani na bodaboda wa kijiweni, ambaye ananitoza kwa saa na analipwa kabla sijapanda. Jana, baada ya kunitoa kwenye michongoma, aliuliza kwa upole kama huko Katavi hawawezi kunipa punda.