Majani Matatu

Shemeji yangu mmoja wa Dar es Salaam, aliyejaaliwa hamu ya ilimu kuliko hamu ya chakula, alitujia Mbwara mwishoni mwa Juni na kioo cha kukuzia, daftari, na azma thabiti ya kuutambua kila mmea wa pori la Rufiji kwa alama zake, kama walivyofunza maulamaa tangu Linnaeus wa Uswidi, ambaye mwaka 1753 aliipanga mimea ya dunia kwa kuhesabu viungo vilivyomo ndani ya ua. Taksiri ya ilimu hiyo ni kwamba ming'oko, viazi vya porini tulivyokuwa tukivitafuta, huchimbwa mvua zikiisha na mashina yakinyauka, wakati ambapo ua halipo. Na hata likiwapo ni dogo mno, tena la kiume huota shina lake na la kike shina jingine, hata mtafutaji akageuka mshenga.

Bibi tuliyefuatana naye hakuwa na haja ya maua. "Sikiliza, mjukuu wangu," akamwambia. "Ming'oko ina jani moja, umbo la moyo. Ndiga ina majani matatu katika kikonyo kimoja, na shina lina miiba. Hiyo ndiyo yenye sumu: hailiwi mpaka ikatwe vipande na kulowekwa siku kadhaa katika maji yapitayo, na mwenye haraka huzimia."

"Ahsante, bibi," akajibu shemeji kwa taadhima kubwa, akaandika *matatu*, akafunga daftari kabla miiba haijafika.

Basi hazikupita hatua nyingi akapaza sauti kwamba ameiona ndiga, majani matatu dhahiri shahiri, na ili kutuonyesha mzizi wake akaukumbatia mtambaa ule kwa mikono miwili akauvuta, ilhali ule ulikuwa upupu, ambao nao, kwa hikima yake Mola, una majani matatu. Lau angalitazama mishipa angaliokoka: ya ndiga hutoka pamoja shinani mwa jani ikapinda kuelekea nchani, na ya upupu hutawanyika pande mbili kama unyoya. Lakini aghalabu mtu haangalii mishipa pindi yu katika furaha ya uvumbuzi. Maganda yaliyokomaa yakamnyunyizia shingoni vinyweleo vyake vya dhahabu, na yule bwana tuliyemjua kwa utulivu akacheza ngoma ambayo Wandengereko wenyewe hawana.

Bibi alimpaka majivu kimya kimya, ila mabega yake yalitikisika. Usiku, washo ulipotua, shemeji alitufahamisha kwamba mwashaji ni kimeng'enya kiitwacho mukunaini, habari ambayo ingalifaa zaidi asubuhi.

Nawe msomaji, ukizuru Mbwara msimu huo, vaa shati la mikono mirefu, mtangulize bibi, na daftari mpe mwenzio alibebe.