Geji Inayonusa Sahani

Ipo raha ya pekee kwa mwenye Subaru ya mtumba kutoka Japani ambayo imefunguliwa injini, ikavishwa tabochaja kubwa, nozeli kubwa na bomba la hewa linalong'aa, kisha ikabandikwa geji ndogo kwenye dashibodi. Geji inaandika 14.7 na mwenye gari anashusha pumzi. Anajua kwamba gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, kwa hiyo akiiona namba hiyo ni kama mzazi aliyesikia mwanawe katajwa wa kwanza darasani. Mimi nadai kwamba gari likiwa kwenye mwendo wa kawaida, namba hiyo haimwambii karibu lolote. Kompyuta ya gari imeajiriwa kuitafuta 14.7 usiku na mchana. Kuisifu kwa kuipata ni kumpigia makofi mlinzi kwa kuwa yuko getini. Swali ni amefikaje pale, na ametumia nauli ya nani.

Tuanze na sensa inayoilisha geji hiyo. Imekaa kwenye ekzosi, mbali na jikoni, na tangu izaliwe haijaona petroli. Inapima oksijeni iliyomo kwenye moshi, halafu inakisia kilichopikwa. Ni mgeni aliyekaa uani, ananusa sahani zinazorudi kuoshwa na kutoa hukumu kuhusu chumvi ya pilau. Hata hiyo 14.7 ni tafsiri tu: ukijaza ethanoli tupu, ambayo huhitaji hewa takriban mara 9 tu ya uzito wake, geji ya petroli itaandika 14.7 vilevile mchanganyiko ukiwa sawa. Mara nyingi mgeni huyu anapatia. Lakini plagi moja ikikosa cheche, silinda ile hutema hewa yake yote pamoja na petroli mbichi. Sensa inaona oksijeni tele na kupiga yowe kwamba kuna njaa, nayo kompyuta, mtiifu kupita kiasi, inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari inayamwaga. Ufa kwenye ekzosi kabla ya sensa nao huleta kioja hichohicho. Ndiyo maana utakuta gari linanuka petroli hadi mtaa wa pili, huku geji yake ikilalamikia ukame.

Nauli niliyoitaja imeandikwa kwenye trimu za mafuta, yaani asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza ili hesabu yake ikubaliane na sensa. Trimu fupi hubadilika kila sekunde, kuliko hata bei ya nyanya sokoni; trimu ndefu ni kumbukumbu, daftari la madeni la mwenye duka. Mtu aliyetoa nozeli za 440 akaweka za 550 bila kuiambia kompyuta ataona 14.7 safi, na chini yake trimu ya karibu hasi 20. Trimu ikiwa chanya sana gari likiwa silensa, kisha ikashuka ukikanyaga mafuta, tafuta mpira uliopasuka unaonyonya hewa ya wizi. Ikipanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu iliyochoka, au lile bomba linalong'aa, ambalo kwa upana wake huifanya sensa inayopima hewa inayoingia ihesabu watu pungufu mlangoni.

Atajibu mwenye gari: kama kompyuta inarekebisha, shida iko wapi? Shida inaanza mguu ukifika chini kabisa. Hapo kompyuta nyingi huacha kumsikiliza mgeni wa uani na kupika kwa kufuata daftari la mapishi. Daftari likisema 11.5, na mapishi yale ndiyo yaliyokuwa yakihitaji nyongeza ya asilimia 20 kimyakimya, injini italishwa 13.8 katika joto la tabochaja, na pistoni si kitu cha kubembelezwa. Kweli, baadhi ya kompyuta hubeba trimu ndefu hadi huko, ila deni zililojifunza kwenye foleni si lazima lilingane na deni la mlimani.

Atauliza tena: basi geji niing'oe? La hasha. Mguu ukiwa chini, kwa kawaida hakuna anayesahihisha kwa kuisikiliza sensa, kwa hiyo ndipo geji hatimaye inapokuwa na habari. Tatizo ni ratiba. Mwenye gari huikodolea macho kwenye foleni, ambako inarudia 14.7 kama kasuku, na anapokanyaga hadi mwisho macho yake, tunashukuru, yako barabarani. Kwa hiyo mafundi wenye busara hurekodi kila kitu, trimu na geji pamoja, wakasoma gari likiwa limeegeshwa, mkono mmoja ukiwa na kikombe cha chai.